Kikopo Changu Kilikuwa Chepesi

Ninyi vijana mnaofika huku Baraka, kando ya ziwa, na makoti meupe yenye mikunjo ya dukani, kabla sijawaambia lolote, nendeni kwanza mkale. Sitanii. Kila mwaka wanakuja wawili watatu wa aina yenu: mmeshamaliza udaktari, sasa mnasomea na utafiti juu yake, chuo kimoja cha huku kwetu na kingine cha Ulaya, maprofesa wawili, nusu ya mwaka huku na nusu kule, na mwishoni mnapewa diploma yenye mihuri miwili. Mnaingia maabara asubuhi na tumbo tupu, na kazi yetu kubwa pale ni choo cha watu. Nimemwona kijana aliyepasua matumbo ya wagonjwa bila kupepesa macho akitoka nje mbio kwa sababu ya kikopo kimoja kilichokaa juani.

Mimi naitwa Wilondja. Nimekuwa mulaboranti, fundi wa maabara, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zilipoisha. Sasa nimestaafu, nashinda nyumbani namkera mke wangu. Dokta Ruth, ambaye ndiye anayewapokea siku hizi, alikuja akakaa kwenye kiti changu akaniambia, "Papa, bale batoto bitabu banabijua. We ubaandikie ile haiko mu bitabu." Basi naandika. Msitafute mpangilio, nitarudi nyuma na kwenda mbele kadiri ninavyokumbuka.

Tuanze na kioo, kile kipande chembamba cha kuwekea sampuli chini ya darubini. Choo unakichuja, unakisukuma kwenye tundu la kipande cha plastiki ili kila mtu apimwe kiasi kilekile, unafunika kwa karatasi ya kijani iliyolala ndani ya gliserini. Kisha unageuza kioo na kukibonyeza kwa kiganja, polepole, mpaka uweze kusoma gazeti kupitia humo. Vijana hubonyeza kwa kidole gumba, kioo kinapasuka, halafu wananitazama mimi kana kwamba nimekivunja. Na mkumbuke saa: mayai ya safura yanayeyuka machoni pako kabla saa moja haijapita, lakini ya bilharzia, yale yenye mwiba ubavuni, yanakungoja hata kesho. Kwa hiyo ukitaka kwenda kunywa chai, jiulize kwanza unatafuta nini.

Aliyenifundisha haya alikuwa marehemu Papa Asukulu. Wakati wake darubini ilikuwa na kioo cha kuakisi jua. Wingu likipita tuliacha kazi, tukaimba pambio moja, jua likirudi tukaendelea. Wiki yangu ya kwanza nilihesabu mapovu ya hewa nikidhani ni mayai, nikaandika kwamba mama mmoja aliyetoka Lulimba alikuwa na minyoo kuliko mtu yeyote aliyewahi kupita pale. Papa Asukulu alitazama, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akanituma nikamtafute yule mama gesti alikolala nikamwombe radhi. Niliporudi alinipa daftari.

Daftari lile bado lipo mezani maabara, msilifanye karatasi ya kufungia maandazi. Ni daftari la makosa. Kila fundi akikosea anaandika kosa lake kwa mkono wake, na jina lake chini. Papa Asukulu alisema ukiandika kosa bila jina, kila anayesoma atadhani ni la mwenzake. Nililijaza vizuri ujanani. Kadiri nilivyozidi kuwa mkubwa wa maabara ndivyo kurasa zangu zilivyopungua, na mimi nikaamini ni kwa sababu nimekuwa hodari.

Dokta Ruth alipofika mara ya kwanza alikuwa kama ninyi, ila alikuwa amekula. Ni mtoto wa milimani, kwao ni wafugaji, watu wa kanisa, na baadhi ya majirani zangu waliniuliza kwa chinichini kama kweli nitamfundisha kazi mtu wa kule. Niliwaambia darubini haijaniuliza kabila hata siku moja. Alikuwa mwepesi wa kujifunza na mgumu wa kucheka. Aliniambia kule Ulaya kuna mashine inayotambua mdudu hata kwa chembe isiyoonekana na darubini. Nikamuuliza kama mashine hiyo inajua kutofautisha yai na povu la hewa. Akasema inajua. Nilinuna siku mbili.

Swali lake lilikuwa hili. Sisi wa kando ya ziwa tunapewa vidonge vya bilharzia, tunapona, tunarudi majini, tunaugua tena. Alitaka kujua kama mwili wa mzee, baada ya miaka mingi ya kuugua na kupona, umejifunza kujilinda kuliko wa mtoto. Angepima choo na tone la damu la nyumba nzima nzima, kijijini kwetu na kwenye kambi ya Lusenda, walipo wakimbizi wa Burundi. Thesi yake nzima ilisimama juu ya swali hilo. Bila jibu la kueleweka, ile miaka ya kwenda na kurudi ingekuwa bure, na nafasi yake kule isingemngoja.

Alihitaji mtu wa kijiji wa kugawa vikopo nyumba kwa nyumba na kuvikusanya asubuhi. Alinitegemea mimi, na mimi nilimpa mtu bora niliyekuwa naye: Mapendo, mke wa mwanangu Sumaili. Aliolewa kwetu kutoka Lubondja, mjitoleaji wa afya kwa miaka mitano, mwandiko wake unasomeka, hajawahi kupoteza hata karatasi moja. Nilijivuna kumpendekeza. Dokta Ruth akamkubali siku ileile.

Hapa ndipo mnisikilize vizuri. Kwetu, mke wa mwanangu ni mukwe wangu. Sili naye meza moja, sikai kitandani pake, hanioni nimevua shati. Tunapendana sana, lakini kwa mbali, na habari zangu nyingi humfikia kupitia mke wangu. Tena si wangu peke yangu. Ni mukwe wa ndugu zangu wote wa ukoo, na wazee wa kijiji chetu karibu wote ni ukoo mmoja. Haya yote niliyajua tangu utotoni. Nilipovaa koti la maabara sikuyakumbuka, maana kwenye karatasi za utafiti hapakuwa na mahali pa kuyaandika.

Nyumba za kupimwa zilichaguliwa kwa kura, na yangu nayo ikaangukiwa. Asubuhi ile nilitoka nyuma na kikopo changu chenye namba, bado kitupu, nikasimama. Mapendo alikuwa uani tayari, na kapu lake limefunikwa kitenge, akisalimiana na mke wangu. Nikafikiria jinsi nitakavyomnyooshea mkono. Nikarudi nyuma ya nyumba. Mjukuu wangu Sifa, wa miaka mitano, alikuwa ametoka tu kwenye pot yake, kile chombo cha mtoto cha kujisaidia. Nikachukua kijiti.

Mke wangu alitokea mlangoni akaniona. "Papa Sumaili, ile iko ya mutoto."

"Nyamaza. Kikopo moja itaharibu nini?"

"We njo unafundishaka badokta," akasema, yaani eti mimi ndiye mwalimu wao, akarudi ndani.

Nikamfuata, nikampa kikopo akampelekee Mapendo. Siku mbili nilijisikia vibaya, ya tatu nikaanza kusahau. Vioo nilivisoma kwa namba bila majina, kwa haki kabisa, hata kile ambacho namba yake niliijua. Kilikuwa na mayai mengi. Nilihesabu yote, nikaandika, nikachukua kioo kilichofuata.

Matokeo yalipokusanywa, Dokta Ruth alikuja maabara anatabasamu, kitu cha nadra. Wazee wa kijiji chetu walikuwa na mayai mengi sawa na watoto. Wa Lusenda walikuwa nayo machache tu. Profesa wa Ulaya alifurahi kupita kiasi. Alisema wakimbizi walitoka sehemu za mlimani kule Burundi, hawajazoea ziwa, ndiyo maana wana machache. Bali wazee wetu, waliolowa ziwani maisha yao yote, miili yao haijajifunza kitu. Ni jambo ambalo watu hawakulitarajia. Wangeliandika haraka kwenye jarida kubwa, na Dokta Ruth angerudi Ulaya mwezi uleule kumalizia thesi. Dokta Ruth alinishika mkono akasema jina langu litakuwemo.

Nilitabasamu na mimi. Lakini nilijua kitu kimoja ambacho profesa hakukijua. Kule Lusenda aliyekusanya vikopo vya wanaume alikuwa mwanamume mwenzao, mkimbizi aliyetenganishwa na ukoo wake, ambaye hakuwa mukwe wa mtu.

Nikajitia hamnazo wiki nzima. Kisha nikaenda ufukweni mahali ndugu zangu wanaposhona nyavu. Nikakaa kando ya binamu yangu Amisi, nikamwuliza kama vile nauliza habari za samaki.

"Amisi, ile siku ya bikopo, we uliweka nini?"

Hakuinua macho kwenye wavu. "Ya mujukuu. Na we?"

"Ya mujukuu."

Walicheka wote, maana kumbe wote walikuwa wanasikiliza. Mmoja akasema, "Sasa ulitaka tumupe mukwe mavi yetu mu mikono? Kesho tungemuangalia na macho gani?" Niliwauliza mmoja mmoja. Walikuwa kumi na mmoja, na asiyekuwa na mjukuu alikuwa ameazima kwa jirani.

Nilicheka pamoja nao. Ule ugunduzi mkubwa wa Ulaya ulikuwa aibu yetu ya ukwe, imehesabiwa kwa darubini. Na mimi ndiye niliyemchagua Mapendo, mimi ndiye niliyechota kwa kijiti, mimi ndiye niliyesoma vioo. Nikikaa kimya, hakuna ambaye angejua. Dokta Ruth angepata diploma yake, mimi ningestaafu na heshima yangu, na wazee duniani kote wangeandikiwa dawa kwa kufuata choo cha wajukuu wetu. Nawaambieni ukweli, nilifikiria kukaa kimya. Wiki mbili nyingine nilifikiria hilo. Kila siku alinionyesha ukurasa mpya wa ile makala, na kila siku nilisema ni nzuri.

Siku nilipomwambia alikuwa anapanga vichupa kwenye sanduku la barafu.

"Dokta, usitume ile article."

"Juu ya nini, Papa?"

"Kikopo yangu haikukuwa yangu."

Akasimama na kichupa mkononi. "Ilikuwa ya nani?"

"Ya mujukuu. Mapendo ni mukwe. Singeweza kumupa ile kitu."

"Ni we peke yako?"

"Nimeuliza bazee bote. Kumi na moja. Ni vile vile."

Alivua glavu, kidole kimoja baada ya kingine, akaziweka mezani zikiwa zimenyooka. Nilingoja anipigie kelele. Aliuliza tu, "Umekaa nayo siku ngapi?"

"Tangu ile siku ulileta matokeo. Wiki tatu."

"Wiki tatu, Papa." Ilinichoma kuliko matusi. Nimezika wazazi, nimekimbia vita nikiwa na godoro kichwani, lakini sikumbuki siku nyingine niliyotamani kama ile ardhi inimeze.

Aliketi. Akaanza kusema, si na mimi hasa. "Mama yangu, tangu aolewe, hajataja jina ya babu, mukwe wake, hata siku moja. Hata neno ikifanana na ile jina, anatafuta ingine. Mi nilikulia mu ile nyumba. Nikamuona anafanya vile kila siku. Na mi njo niliandika protocole, mupango yote ya utafiti." Akafunika uso kwa viganja, akalia. Nilibaki nimesimama pale na koti langu, bila kujua niweke wapi mikono.

Kesho yake alimpigia profesa wa Ulaya, karibu na dirisha ambako mtandao unashika. Akaiweka simu kwenye spika, akaniambia nikae. Kifaransa nakisikia vizuri. Profesa hakukasirika, alikuwa na adabu sana. Akamwambia njia ipo: awaondoe wazee wa kijiji, abaki na wanawake, watoto na kambi. Thesi itakuwa ndogo lakini itamalizika kwa wakati.

"Na nikiulizwa kwa nini nimewaondoa?"

"Andika data zao hazikuwa kamili."

"Zilikuwa kamili, Profesa," akasema Dokta Ruth. "Zilikuwa za watoto."

Kisha yule mzungu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, ni tafiti ngapi nyingine zilizokusanywa hivyo, na nani aliwahi kuuliza. Wakakubaliana kurudia. Nafasi ya Dokta Ruth kwenye maabara ya kule ilipewa mwingine kwa mwaka huo. Alibaki Baraka kwa shangazi yake, akishika zamu za wodi ya watoto, huku akingoja kamati za vyuo vyote viwili zikubali kubadilisha mstari mmoja wa protocole. Mstari mmoja ulichukua miezi mitano. Simsemi mtu, nawaambia tu mjue mapema.

Mapendo naye ilibidi aelezwe, na mimi siwezi kumweleza. Mke wangu akaenda. Alirudi anajizuia kucheka. Mapendo alikuwa amesema hivi: "Umuambie Papa, mi nilijua tangu siku ya kwanza. Kikopo yake ilikuwa nyepesi, kama ya mutoto. Ya bazee bote ilikuwa nyepesi. Lakini mi ningeuliza nani?"

Mliosoma, fikirieni hapo. Mtu aliyekuwa na jibu la thesi alilibeba kwenye kapu lake kila asubuhi, na adabu ileile iliyotufanya sisi tudanganye ndiyo iliyomfanya yeye anyamaze. Dokta Ruth alikwenda akakaa naye jikoni, akamenya naye mihogo, na ni Mapendo aliyetoa dawa ya aibu ile. Likachongwa sanduku la mbao lenye kifuniko, likawekwa kwenye njia ya kushukia majini. Kila mtu anapita asubuhi, anatumbukiza chake, anaendelea na safari. Hakuna mkono unaopokea kutoka kwa mkono. Na sanduku likishajaa linabebwa limefungwa. Ndugu zangu walilikagua pande zote, Amisi akafungua na kufunga kifuniko mara tatu, wakaridhika.

Safari hii sikusoma vioo mimi. Niliomba aletwe fundi mwingine, maana anayepimwa hafai kuwa mpimaji, na hilo nalo liandikeni. Wazee wa kijiji chetu walikuwa na mayai machache, karibu sawa na wenzao wa Lusenda. Ule ugunduzi uliyeyuka kama mayai ya safura. Jibu likawa la kawaida, kwamba huenda mwili wa mzee unajifunza kidogo, na huenda mzee anaingia majini mara chache tu, na kazi ya kutofautisha hayo mawili bado ipo. Labda ni yako wewe unayesoma hapa. Mimi mwenyewe nilikutwa na mayai manne. Miaka yote nikiwahesabia watu, na yangu yamekaa tumboni yananicheka. Nilimeza vidonge baada ya ugali, maana bila kula vinachafua roho.

Watu wananiuliza kama Dokta Ruth alinisamehe. Hatukuwahi kulisema. Aliendelea kuniita Papa, na kwa muda mrefu alinikagua kila nilichoandika, mstari kwa mstari, mbele ya vijana. Sikununa. Siku alipoacha kukagua niliiona, nikaenda nyuma ya maabara nikakaa peke yangu kidogo.

Alitetea thesi yake mwaka mmoja na nusu nyuma ya wenzake. Aliwauliza wakubwa wake kama inaruhusiwa kuandika jina la mtu aliyekosea, wakasema hapana, aandike "mshiriki mmoja". Akaja kuniuliza mimi. Nilimpeleka kwenye meza, nikafungua daftari la Papa Asukulu, nikamwonyesha ukurasa nilioujaza kwa mkono wangu: kijiti, pot ya Sifa, wiki tatu. Chini yake Wilondja. Nikamwambia aandike kama ilivyo hapo, nami nitatia sahihi popote wanapotaka.

Kitabu cha thesi kilitumwa kutoka Ulaya, kizito, kwa Kifaransa, jalada la bluu. Kiko nyumbani kwangu, juu ya redio. Jina langu limo mara mbili. Mara moja ni mbele, kwenye shukrani, baada ya maprofesa na kabla ya mama yake. Mara nyingine ni katikati, kwenye sura ya jinsi kazi ilivyofanyika, pale anapoeleza kwa nini vikopo vya kwanza vilitupwa. Mke wangu ametia uzi mwekundu hapo katikati. Mkija kunisalimu nitawafungulia penye uzi, na mtasoma mbele yangu kwa sauti, nikiwa nimekaa nasikiliza.